Fortran Katika Chumba cha Mbegu

"Mashine ni moja, hesabu ni ileile, na anayekaa kwenye kiti ni wewe huyohuyo. Sasa hiyo haraka inatoka wapi?"

Mama Febronia aliniuliza hivyo akiwa amekaa kwenye kigoda jikoni kwake, anageuza migebuka juu ya jiko la mkaa, na mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka uleule na shahada ya hisabati. Nilikuwa nimetoka kumweleza kwamba lugha ya kompyuta inayoitwa Fortran inapiga hesabu haraka kuliko nyingine inayoitwa Basic, na kwamba jambo hilo lilikuwa zito, kwa sababu ajira yangu ilikuwa imening'inizwa hapo. Aliposema haraka inatoka wapi, nilimjibu kwamba ndivyo ilivyo, ndivyo tulivyofundishwa. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa sukari yenye mchanga. "Ndivyo ilivyo," akarudia. "Hata padri akibanwa hujitahidi zaidi ya hapo." Akanipakulia ugali wa ulezi, akaniwekea samaki mkubwa kuliko wake, tukala. Nilikuwa msichana wa kuhoji kila kitu. Nilimhoji mhadhiri, nilimhoji kondakta, nilihoji hata kwa nini misa inaanza saa ile na si nyingine. Ila swali hili dogo, la mtu aliyekuwa ananipangisha chumba, lilinipita.

Limenirudia mwezi uliopita, nilipopigiwa simu kwamba Deo, mwenzangu wa kazi wa mwaka ule, amefariki. Nilikaa na simu mkononi, nikawaza kutokwenda. Safari za siku hizi zinaniumiza mgongo, na watu niliowajua kule wamebaki wa kuhesabika. Halafu nikapanda basi. Barabara ya kutoka Tunduma sasa ni ya lami, na uwanda wa Ufipa unapita dirishani kwa kasi ambayo zamani hatukuwahi kuiona: nyasi, nyasi, miti michache iliyoinama upande mmoja kwa upepo, na nyasi tena. Zamani tulifika Sumbawanga tumebadilika rangi kwa vumbi, tukishuka tunajipangusa kama magunia. Safari hii nilishuka msafi na nimechoka zaidi. Sitaeleza nilikotoka wala nilivyolelewa. Havihusiani na mwaka huo. Mwaka huo ulianzia katika chumba kimoja, na karibu wote ukaishia humohumo.

Kilikuwa chumba cha kuhifadhia mbegu kabla ya kuwa chumba cha kompyuta. Mradi wetu, uliokuwa ukichunguza rutuba ya udongo kwa fedha za wafadhili wa nje, ulikipaka chokaa, ukatia nondo dirishani na zulia sakafuni, lakini harufu ya dawa ya mbegu ilikuwa imeshaingia ukutani. Hali ya hewa ikipoa ilinyamaza. Jua likipiga bati ilirudi, kali, ya kuwasha pua, na mpaka leo nikipita duka la pembejeo huwa naona mbele yangu herufi za kijani kwenye kioo cheusi. Kompyuta ilikaa katikati, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Viatu tuliviacha mlangoni. Miezi ya baridi, upepo wa uwandani ulipopenya chini ya mlango, tuliketi na soksi na masweta, mikono kwapani, tukiitoa kwa zamu kubonyeza kibodi.

Deo ndiye aliyekuwa amekifuma kitambaa kile, na hakuona haya kusema. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyeacha chaki, mkubwa kwangu kwa umri, mwenyeji wa kulekule, mwenye watoto wanne na sweta la mtumba lililoandikwa jina la shule ya nchi ambayo hakuijua. Basic alijifundisha mwenyewe, kwa kitabu kilichokuja ndani ya boksi la kompyuta, na programu zote za mradi alikuwa ameziandika yeye. Mimi nililetwa kwa sababu wafadhili walitaka msomi. Siku ya kwanza nilimsalimia kwa heshima, "Kaka Deo, habari za kazi," naye akanijibu, "Poa, Profesa," na Profesa nikabaki mpaka mwisho.

"Profesa, hii mashine ukiiuliza kwa ukali haijibu. Si kama sisi."

"Kwani mimi mkali?"

"Hapana. Unauliza tu kama mtu anayetafuta mwizi."

Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa. Soko la mitumba lilikuwa limemeza nusu ya uwanja, wafanyabiashara binafsi walikuwa wakinunua mahindi kando ya barabara ya Namanyere kabla hayajakauka vizuri, na mbolea, ambayo serikali ilikuwa imeibeba mgongoni kwa miaka mingi, ilikuwa inashushwa taratibu ili kila mkulima aibebe mwenyewe. Ndiyo maana mradi ulitakiwa kutoa jibu moja: mkulima wa Ufipa asipoimudu mbolea, arudi kwenye ntumba au la? Ntumba ni vile vilima vya udongo ambavyo wenyeji huvitengeneza mvua zinapokaribia kwisha, wakipindua nyasi na kuzifukia ndani zioze. Mradi ulikuwa na mashamba ya majaribio Mollo, Msanzi na kwingineko, na takwimu za mavuno na mvua za miaka kadhaa. Programu ilitakiwa kukisia rutuba ya kila shamba siku hadi siku, kulinganisha makisio na mavuno yaliyopimwa, kurekebisha, kuanza upya, tena na tena, mpaka tofauti iwe ndogo. Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Ilikuwa nyingi tu, na umeme wa mji, uliotegemea mafuta ya jenereta kubwa, haukuwa na uvumilivu.

Neno lingine la miaka ile lilikuwa kupunguzwa. Lilitamkwa kwa sauti ya chini, kama jina la ugonjwa. Lilipita halmashauri, likapita ushirika, kisha Bwana Kasonso, mkuu wa mradi, akatuita ofisini kwake sisi watatu: Deo, mimi, na Mama Febronia, ambaye ndiye aliyekuwa akipiga taipu ripoti zote za mradi. Bwana Kasonso alikuwa mtu mpole mwenye tai, aliyependa maneno mapya kwa jinsi mtoto anavyopenda viatu vipya.

"Wafadhili wanasema tuko wengi kuliko kazi," akasema. "Ripoti zitatoka kwenye printa. Wageni watakuja msimu wa mvua ukianza. Baada ya hapo chumba cha kompyuta kitakuwa na mtu mmoja."

"Mmoja kati ya nani, mzee?" niliuliza.

"Kati yenu ninyi. Hii ni enzi ya ushindani, binti. Hata hizo lugha zenu zishindane. Deo na Basic yake, wewe na hiyo ya kwako. Programu itakayofaa ndiyo itakayobaki na mwenyewe."

"Na mimi nishindane na printa?" akauliza Mama Febronia. "Nayo ina ada za shule?"

Bwana Kasonso aliweka sawa tai yake. Hakuna aliyecheka isipokuwa Deo, na yeye alikuwa na kawaida ya kucheka alipoogopa.

Ninapofikiria sasa jinsi tulivyolipokea shindano lile, ninaona uchovu tu. Wakati ule niliona haki. Nilikuwa na hakika kwamba kitu kinachopimika hakiwezi kumwonea mtu. Chumba changu kwa Mama Febronia kilikuwa na dari ya mbao nyembamba iliyoendelea mpaka upande wake, na jioni nilimsikia akizungumza na dada yake kwa Kifipa, lugha ambayo sikuijua. Maneno ya Kiswahili yalielea juu yake kama mafuta kwenye mchuzi: kompyuta, ada, Deo, watoto wanne, msomi. Kisha kicheko. Kisha sauti ya kijiko ikikwangua sufuria. Asubuhi alinipa uji kama kawaida, mzito, wenye siagi. Hakuwa na kinyongo nami, na hilo lilinisumbua kuliko kama angekuwa nacho.

Jaribio la kwanza nililitunga mimi. Jumlisha mfululizo mrefu wa namba, mara nyingi, kwa lugha zote mbili, tuone. Deo akaanza. Basic yake ikaingia kazini, kialama kikipepesa kwenye kioo, tukazungumza, tukanywa chai, Bwana Kasonso akaingia akatoka, akaingia tena, na hatimaye jumla ikatokea. Kisha nikabonyeza Fortran yangu. Kabla sijaondoa kidole, mashine ilikuwa imerudi kwenye mstari wake, inasubiri amri nyingine. Bwana Kasonso akapiga makofi. Siku hiyohiyo alimweleza mhasibu, dereva na mlinzi kwamba tuna lugha ambayo inamaliza kazi kabla hujaiagiza.

Mimi sikulala vizuri. Kitu hakiwezi kuwa chepesi kiasi kile. Kesho yake nikarudia kusoma programu yangu, mstari kwa mstari, nikaona. Sikuwa nimeiagiza ichapishe jibu. Na ile programu inayotafsiri Fortran, kabla ya kuigeuza iwe amri za mashine, ilipitia kazi yote, ikaona kwamba jumla ile haitumiki popote, ikaitupa. Haikupiga hesabu hata moja. Nilipomwambia Deo alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kwa hiyo imekimbia kwa sababu haikubeba mzigo!"

"Nitairekebisha."

"Usiirekebishe, Profesa. Ipeleke halmashauri, itapata cheo."

Niliirekebisha, ikachapisha jibu, na bado iliishinda Basic kwa mbali. Nilikwenda kumweleza Bwana Kasonso kwamba ushindi wa kwanza haukuwa halali ila wa pili ni halali. Alinisikiliza kwa subira. "Lakini imeshinda?" "Imeshinda." "Basi."

Leo ningemjibu Mama Febronia. Ningemwambia afikirie mtu anayeimba wimbo wa kanisani ambao maneno yake ni ya kigeni. Basic ni yule anayetafsiri kila neno palepale anapoliimba, na kiitikio kikirudi mara mia, anakitafsiri mara mia, kana kwamba hajawahi kukiona. Fortran ni yule aliyekaa kabla ya misa akautafsiri wimbo mzima, akaja nao tayari. Hesabu ni ileile na mwimbaji ni yuleyule. Tofauti ni kazi inayorudiwa bure. Jibu hilo lilinijia miaka mingi baadaye, katika ofisi nyingine, nikimweleza mtu mwingine ambaye hakuwa ameuliza.

Tulikwenda mashambani mwishoni mwa mvua, wote wawili, kupima ntumba za msimu ule. Mollo kulikuwa na watu wamepinda migongo, majembe yakipanda na kushuka, nyasi zikilazwa na kufunikwa, na vilima vikijipanga mteremkoni kama mikate iliyoumuka. Mama mmoja alikuwa akichomeka maharage juu ya vilima vilivyokwisha. Deo alitembea katikati yao akitaniana kwa Kifipa, na mimi nikifuata na utepe wa kupimia, nikiuliza maswali ambayo aliyatafsiri kwa ufupi wa kutia shaka.

"Mbona amesema maneno mengi na wewe umenipa moja?"

"Mengine yalikuwa yanakuhusu wewe."

"Yapi?"

"Anauliza kama huko chuoni mlikuwa mnapewa chakula."

Tulipika chai juu ya mafiga, tukala mihogo ya kuchemsha na dagaa, na kwa mchana ule mmoja shindano lilikuwa mbali. Deo aliniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba kurudi shuleni hakuwezekani; nafasi yake ilikwishapata mtu. Alisema kama anayetaja hali ya hewa. Nikasema kitu kuhusu sifa na vigezo. Akaniongezea chai.

Kiangazi kikaingia na baridi yake, na hesabu kubwa zikaanza. Deo alikuwa na utaratibu. Basic yake iliandika mstari mmoja kwenye kioo kwa kila shamba na kila mwaka, na kila mstari ikaupeleka kwenye disketi, ili umeme ukikatika aendelee palipoishia. Ilikwenda kwa mwendo wa ng'ombe wa kulima. Fortran yangu haikuandika kitu kwenye kioo. Ilinyamaza, kisha ikatema jedwali zima. Ya kwangu ilimaliza asubuhi moja. Ya kwake iliendelea siku baada ya siku, na umeme ukikatika na kurudi. Jedwali langu na mistari yake vikaja vinafanana, na vyote vikasema jambo moja: ntumba hazifai. Shamba la ntumba lilitoa mavuno duni kuliko shamba lisilotiwa chochote. Bwana Kasonso alifurahi kupata jibu lisilo na utata, akaanza kuandaa hotuba.

Nilihoji jibu lile, bila shaka. Nilihoji njia ya kukisia, nilihoji mvua, nilihoji mizani ya Msanzi. Lakini nilihoji nikiwa na jedwali mkononi, ambalo tayari lilikuwa limejumlishwa na kugawanywa, miaka yote ndani ya namba moja. Deo hakuhoji kitu. Alikuwa ameketi tu, miguu juu ya boksi la karatasi, anatazama mistari yake ikipanda kioo, kwa sababu hakuwa na kazi nyingine ya kufanya wakati inapanda.

"Profesa, njoo uone shamba hili la Mollo."

"Lina nini?"

"Mwaka huu lina ntumba, lina njaa. Mwaka unaofuata halina kitu, limeshiba. Halafu ntumba tena, njaa. Halafu limeshiba."

Nilivuta kiti. Tulitazama mistari mitatu, minne, ikija mmoja mmoja. Shamba la pili likafanya vilevile. Deo akashusha miguu. Akasema neno la Kifipa ambalo sikuhitaji kutafsiriwa.

Kosa lilikuwa letu sote, la ofisi nzima, na nadhani lingeweza kutokea kwetu tu. Mradi ulihesabu mwaka kama serikali inavyohesabu, Julai mpaka Juni, na kila shamba kila mwaka lilipewa jina moja: mbolea, ntumba, au bila kitu. Ila ntumba inafanywa mvua zinapoisha. Kinachovunwa juu yake kabla ya Juni ni maharage kidogo. Mvua mpya zikija ndipo kilima kinabomolewa na kusambazwa, na ulezi au mahindi hupandwa juu ya ule uozo, na huo ndio mwaka wa kushiba. Na sisi mwaka huo tuliuandika "bila kitu", kwa kuwa hakuna kilichofanywa ndani yake. Tulichukua mavuno ya ntumba tukampa asiye na kitu. Deo alikuwa amelima ntumba tangu utotoni. Takwimu zile aliziingiza kwa vidole vyake.

"Nimekula ulezi wa ntumba maisha yangu yote," akasema, "halafu nimekaa hapa nikauandikia jina la mtu mwingine."

Watu wanaosimuliwa kisa hiki hupenda kuniambia kwamba kumbe polepole ndiyo iliyoshinda. Sikubali. Wageni walikuwa njiani, takwimu zote zilitakiwa kupangwa upya, na tulipomaliza kuzipanga, Deo akinisomea na mimi nikibonyeza, tukisahihishana kama watu wanaopepeta mchele kwenye ungo mmoja, Basic isingefika hata nusu kabla ya siku ya wageni. Fortran ilifika. Tulikaa na soksi zetu tukaitazama ikinyamaza, na jedwali lilipotoka tulilisoma vichwa vikigusana. Ntumba zilikuwa zimepata haki yao. Hazikuishinda mbolea, lakini zilisimama karibu nayo kuliko tulivyothubutu kutarajia. Deo alinipa mkono, rasmi kabisa, kama kwenye mahafali. Mama Febronia akaletewa jedwali alipige taipu, ripoti yake ya mwisho, akalipiga bila kosa hata moja, akasaini kwa penseli pembeni.

Wageni walikuja, wakala kuku, wakasifu, wakaondoka. Siku iliyofuata Bwana Kasonso alitukusanya katika chumba cha mbegu. Mvua ya kwanza ilikuwa inapiga bati na ilimbidi apaze sauti, jambo ambalo halikumfaa.

"Lugha ya Skolastika ndiyo yenye kasi," akasema, akinielekezea kidole. "Hilo hakuna anayebisha. Nimeona mwenyewe. Unaandika jina la programu, unabonyeza, imekwisha. Hata mimi nimejaribu, imekubali."

Nilinyoosha mgongo.

"Sasa nikajiuliza, mtu wa nini hapo? Programu ile inajiendesha. Ya Deo inahitaji Deo. Lazima akae nayo, aione, aishike mkono umeme ukikatika. Kazi ya kumshughulisha mtu kutwa nzima iko upande ule. Wafadhili wanataka kumwona mtu kazini. Atabaki Deo."

"Kwa hiyo ningeandika programu mbovu ningebaki?"

"Binti, usiyageuze maneno."

"Sijayageuza, mzee. Nimeyarudia."

"Wewe ni kijana, umesoma, hukosi pa kwenda. Huyu ana watoto wanne." Kisha, kwa Mama Febronia, aliyekuwa amekaa na mkoba magotini tangu mwanzo: "Na wewe mama, kama tulivyosema."

"Hamjasema," Mama Febronia akajibu. "Ila nimesikia."

Deo hakucheka safari hii. Alikuwa akitazama viatu vyetu, vilivyopangwa nje ya mlango wa chumba cha mbegu, vikilowa.

Siku niliyoondoka alinibebea begi mpaka stendi. Asubuhi ilikuwa na ukungu, makondakta walikuwa wakiita Mbeya kwa sauti za kukwaruza, na Mama Febronia alinifungia maandazi kwenye gazeti. Programu yangu niliiacha ndani ya mashine. Ilikuwa mali ya mradi.

"Umenikasirikia, Profesa?"

"Hapana."

"Nina watoto wanne."

"Sijakuuliza, Deo."

"Najua. Ndiyo mara ya kwanza hujauliza."

Hatukuandikiana. Niliajiriwa kwingine, kisha kwingine, na maisha yangu yote nimeyatumia kufanya vitu viende haraka: mishahara, bima, mizigo bandarini. Mara mbili zaidi nimefanya kazi mpaka nikamaliza sababu ya mimi kuwapo. Nikiwa kijana nilidhani kasi ni jibu la swali. Sasa nina simu kiganjani ambayo ingemaliza kazi yetu ya mwaka mzima kabla sijavaa miwani, na ninaitumia kutazama saa. Deo nilimsikia kwa watu tu. Alibaki mradini miaka mingi, mpaka ulipofungwa. Walisema alikuwa mtulivu, mwenye muda na kila mtu, na nilipolisikia hilo niliuma meno kidogo, nikimwona ameketi na miguu juu ya boksi, mistari ikipanda.

Msibani nilikaa kwenye mkeka na wanawake. Mama Febronia aliletwa ameshikwa mkono, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, macho bado makali. "Shikamoo, mama." "Marahaba, msomi. Umenenepa, vizuri." Alipunguzwa siku moja nami, akafungua kibanda cha chai nje ya lango la mradi wiki zilezile, akawasomesha watoto wake wote kwa maandazi. Aliniambia kwamba Deo alikuwa mteja wake wa kila siku, kuanzia chai ya asubuhi mpaka ofisi kufungwa; alikaa pale anapiga soga, anawafundisha wanafunzi wanaopita hesabu, anasaidia kukanda unga. Nikasema sikuelewa, kwa maana Basic yake haikuwa ya kuachwa peke yake. Mama Febronia akanitazama kwa ile sura ya sukari na mchanga.

"Basic gani?" akasema. "Aliniambia mwenyewe, baada ya mradi kufungwa."

Tangu wiki niliyoondoka, hesabu zote za ofisi ile zilipigwa na Fortran yangu, asubuhi, kabla ya chai. Ile Basic yake, Deo alikuwa ameikata sehemu ya kukokotoa na sehemu ya kuhifadhi, akaiacha ipandishe mistari kwenye kioo mchana kutwa, ili Bwana Kasonso akichungulia aone kazi inaendelea.